Aya ya Ielemia

Mtungi mtupu wa gesi uliotundikwa mbele ya kanisa ukigongwa mara ya kwanza, Penina huacha chochote alicho nacho mkononi na kuanza kuhesabu vichwa. Nani yuko mtoni anaoga? Nani ametumwa dukani? Ukigongwa mara ya pili, hakuna anayetembea kijijini tena mpaka sala iishe. Vijana wa kijiji husimama barabarani na fimbo zao, shuka zimefungwa vizuri kiunoni, na atakayekutwa anapita, awe mkubwa au mdogo, ukoo wake hutozwa katoni ya samaki wa kopo. Penina hakuogopa samaki. Aliogopa jina la nyumba kutajwa mkutanoni.

Mama mkwe wake, Loimata, hakuwa na wasiwasi kama huo. Mtungi ulipolia yeye alikuwa tayari ameketi penye nguzo yake, mgongo umenyooka, Biblia iko mapajani, miwani ya marehemu mumewe imening'inia puani. Miwani ile haikumfaa. Aliivaa hivyo hivyo.

Tangu aolewe katika nyumba hii ya kisiwani Savai'i, Penina alikuwa akimtazama mama huyu kama mtu anavyotazama mwenzake akivuka mto kwa miguu, ili naye ajue pa kukanyaga. Loimata hakuwa mtu mkubwa. Alisuka mikeka, alikuna nazi, alifuga nguruwe waliokuwa na tabia mbaya kuliko wa majirani wote. Lakini kila jioni familia ilipokaa mduara, baada ya wimbo, ilisomwa sura moja, kila mtu aya moja kwa zamu, kuanzia mkubwa mpaka mtoto anayejikwaa kwenye herufi. Kisha Loimata aliomba. Na sala yake haikuwa na maneno ya akiba. Ilitoka kwenye sura iliyosomwa, hata kama sura yenyewe ilikuwa ngumu kama mfupa.

"Mungu ameshasema," aliwaambia wajukuu. "Sasa ni zamu yetu kumjibu. Mtu akikuambia habari za nyumba yake, wewe utamjibu habari za kuku wako? Huo ni utovu wa adabu."

Basi waliposoma habari za wanyama safi na wasio safi, aliwaombea nguruwe wake waache kuchimba magimbi ya watu. Waliposoma habari za nchi iliyokauka, aliomba juu ya bomba la maji la kijiji na mtu aliyepewa kulitengeneza, akamtaja jina, na yule mtu, aliyekaa nyumba ya pili, akamsikia. Asubuhi yake bomba lilitengenezwa. Na kesho yake akikuna nazi, Penina alimsikia bado anatafuna neno lile lile la jana, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetafuna muwa mpaka utamu wote uishe.

Alikuwa na sheria mbili tu. Ya kwanza: sura haichaguliwi. Inasomwa inayofuata, iwe tamu iwe chungu, yawe majina matupu yasiyotamkika. "Anayechagua," alisema, "huchagua ya kumpiga mwenzake. Ya kujipiga mwenyewe haioni."

Sheria ya pili: asiyekuwepo aya yake haisomwi. Zamu yake ikifika, wote wananyamaza kwa muda wa aya hiyo, macho yakiipita kimya kimya, kisha anayefuata anaendelea. Aliyekufa haachiwi aya. "Yeye amemaliza kusoma," alisema siku walipomzika mumewe, na mduara ukasogea. Lakini aliye hai, hata awe mbali vipi, aya yake ni yake.

Mtoto wake wa kwanza, Ielemia, alikaa Auckland miaka mingi akifanya kazi kiwandani, na miaka yote hiyo kila jioni mduara ulinyamaza mahali pake. Aliporudi na mke wake Seutatia na mtoto wao Fetu, jioni ya kwanza zamu ilipomfikia, watu wote walimgeukia. Hakuelewa. Mdogo wake Ropati, mume wa Penina, ndiye aliyemwambia.

"Soma, kaka. Tumechoka kukungojea. Umetunyamazisha tangu sina ndevu."

Ielemia alisoma nusu aya, akashindwa. Aliinama akalia mbele ya watoto, mwanaume mzima mwenye mabega kama mlango. Penina hakulisahau hilo.

Ndiyo maana yaliyotokea baadaye yalimuuma sana.

Baba mkwe alipofariki, ukoo ulikaa kuamua nani atabeba jina lake, maana nyumba haikai bila mkuu. Ielemia ndiye mkubwa, na ndiye aliyetuma fedha kutoka ng'ambo. Ropati ndiye aliyebaki, akalima, akamnyanyua mzee kitandani mpaka siku ya mwisho. Ukoo ukampa Ropati. Ielemia alikaa kimya mkutano mzima. Jioni ile hakuja kwenye mduara. Alifungua mkeka katika nyumba yake mwenyewe, ng'ambo ya uwanja, hatua chache tu, akaimba wimbo wake na mkewe na mtoto.

Nyumba zao hazina kuta. Ni nguzo, paa, na mapazia ya majani ya mnazi yanayoshushwa mvua ikija. Anachoomba mmoja, mwingine anakisikia. Ropati akapandisha sauti ya wimbo. Kule nako ikapanda. Kesho yake Ropati, ambaye sasa alikuwa mkuu wa nyumba, alimwomba mama yake Biblia "mara moja tu", akafungua habari za mwana aliyemwasi Daudi baba yake. Akaisoma kama anayetangaza mnada.

Jibu halikukawia. Kutoka ng'ambo ilisikika sauti kali ya Seutatia, ambaye ulimi wake ulijulikana mpaka bandarini, akisoma habari za Yakobo aliyemwibia kaka yake baraka kwa kujifunika ngozi ya mbuzi.

Ikawa kila jioni. Huku Kaini, kule Kora. Vijana wa zamu barabarani wakaanza kusogea karibu na uzio ili wasikie vizuri.

"Leo nani kashinda?" aliuliza mmoja, kijana mrefu aitwaye Sefo.

"Nyumba ya Ielemia. Wametumia Yezebeli."

"Lo! Yezebeli mapema yote hii? Kesho watatumia nini?"

Penina alisikia na uso ukamwaka moto. Lakini kilichomvunja ni siku alipomwona binti yake Malia mtoni na Fetu, watoto waliokuwa wakilala mkeka mmoja. Fetu alikuwa amechukua ndoo ya Malia. Malia hakumwambia rudisha. Alimwambia, kwa sauti ya baba yake ile ile, "Ole wako wewe mnyang'anyi," na sura na aya akazitaja.

Penina alimshika mkono akampeleka moja kwa moja kwa mama mkwe. "Mama, sikiliza mtoto huyu anavyotumia Neno."

Loimata alisikiliza. Hakumgombeza Malia. Aliweka chini mkeka aliokuwa akisuka, na Penina kwa mara ya kwanza aliona mikono ile haina kazi. Akaogopa.

Jioni, Ropati aliponyoosha mkono kuchukua Biblia, mama yake hakumpa.

"Tuliishia wapi kabla ya msiba?" aliuliza.

"Mwanzo wa Ezra, Mama. Lakini mimi nilifikiri leo..."

"Wewe una jina la ukoo, mwanangu. Mkutanoni nitakusikiliza. Hapa tunasoma sura inayofuata."

Ilikuwa sura ndefu ya majina ya watu waliorudi kutoka uhamishoni, fulani mwana wa fulani, mpaka watunza malango. Loimata akasoma aya ya kwanza kwa sauti kubwa iliyovuka uwanja. Ropati, aliyekaa sasa mahali pa baba yake, ya pili. Zamu ya Ielemia ikafika, mama akanyamaza. Ropati akatazama juu. Mama amenyamaza. Kisha akamwashiria Penina aendelee. Baada ya Penina ilikuwa zamu ya Seutatia, wakanyamaza tena. Malia akasoma yake. Zamu ya Fetu, kimya.

"Bibi, tunaziruka?" Malia aliuliza.

"Haturuki. Tunawangoja."

"Lakini wako pale! Nawaona! Fetu anakuna mguu!"

"Ndiyo. Basi si mbali."

Na alipoomba, alisema: "Bwana, hukusahau hata watunza malango. Wamerudi kutoka mbali, umewaandika mmoja mmoja. Na mimi wangu walirudi kutoka mbali. Usiwafute." Akasema amina, akaomba aletewe kakao.

Tangu siku ile kule ng'ambo hakukurushwa aya nyingine. Ilisikika sala fupi ya chini chini, basi. Vijana wa barabarani walirudi mahali pao wamenuna kama watu walioharibiwa mchezo. Penina akadhani mambo yatatengenea. Hayakutengenea. Ielemia alikuwa amenyamaza kwa sababu nyingine: alikuwa ameamua kuhama. Atakwenda upande wa pili wa kisiwa, kijijini kwa mke wake, akalime ardhi ya wakwe. Kwa mwanaume mkubwa wa nyumba hilo ni jambo la kuondoka usirudi, na kila mtu alijua.

Ropati alipata habari dukani, akarudi na hasira ya mtu aliyeumia asiyetaka kuonekana ameumia. Jioni ile zamu ya kimya ilipofika, hakunyamaza. Akaisoma aya ya Ielemia, kwa sauti, mpaka mwisho.

Loimata alifunga Biblia.

"Ukoo ulikupa jina lake," mama alisema. "Mimi sikusema kitu. Nilijua ulimnyanyua baba yako. Sasa na aya unaitaka?"

"Mama, mtu hayupo! Ameamua mwenyewe! Asiyekuwepo hayupo!"

"Alipokuwa Auckland ulikuwa unasema hivyo?"

Jioni ile hawakuomba. Walikaa tu, watu wazima na mtoto, mpaka mtungi ulipogongwa mara ya tatu kuwaachia. Katika ndoa yake yote Penina hakuwahi kuona jioni bila sala katika nyumba hiyo. Usingizi ulimpaa. Aliwaza mtoto ataugua, aliwaza paa litavuja, aliwaza kila kitu isipokuwa kile chenyewe.

Siku chache baadaye, Ijumaa, Ielemia alipanda juu ya nyumba yake akaanza kung'oa mabati. Lori lingekuja asubuhi. Kila bati lililotoka lililia, na kila liliponung'unika Loimata, aliyekuwa akikuna nazi, alisimamisha mkono, kisha akaendelea. Penina alimsogelea.

"Mama, nenda ukamwambie abaki. Wewe ni mama yake. Hatakukatalia."

"Najua hatakataa," Loimata alisema. "Atabaki kwa sababu nimelia. Kisha atakaa pale ng'ambo akitunyamazia mpaka nife, na siku ya kunizika wataanza tena na Yezebeli wao." Akapangusa mkono. "Nimemwambia Mungu. Jana nilimwambia kwa neno la sura ya jana: yule mnyweshaji wa mfalme aliogopa, lakini aliomba kwanza kabla ya kujibu. Na mimi naogopa, Penina. Usidhani siogopi."

Penina hakuwa amewahi kusikia neno hilo kinywani mwake. Ajabu ni kwamba lilimtuliza.

Jioni mtungi uligongwa. Ng'ambo ya uwanja nusu ya paa ilikuwa haipo, na taa ya Ielemia ilionekana kama taa ya mtu aliye nje. Waliimba. Sura inayofuata ilikuwa ya tatu ya Nehemia, tena majina: nani alijenga ukuta sehemu gani, na nani alijenga kando yake. Loimata akasoma ya kwanza, ile sauti ikavuka uwanja kama kila siku. Ropati akasoma ya pili, haraka, hakutazama mtu.

Kimya.

Baada ya kimya ilikuwa zamu ya Penina. Alijua muda wake. Kwa miaka aliupima ndani ya kichwa chake, urefu wa aya moja, si zaidi. Muda ukapita. Akafungua kinywa. Akatazama lile paa lililotobolewa, akatazama kichwa cha mama mkwe kilichoinama, na yeye, mwanamke ambaye hajawahi kuchelewa kwa lolote, akafunga kinywa chake.

Ropati akamkonyeza. Soma. Hakusoma. Malia akamvuta nguo. Hakusoma. Alijiona kama amesimama barabarani mbele ya fimbo za vijana.

Ndipo kutoka ng'ambo ikaja sauti nzito ya mtu anayesafisha koo. Na ikasoma aya ya tatu. Lango la samaki, na waliolijenga, na milango yake, na makomeo yake. Ikasoma yote mpaka mwisho, bila kukwama.

Kwenye nyumba ya mama vichwa vyote viligeukia uwanjani.

"Penina," Loimata alisema taratibu, "zamu yako, mama."

Penina alisoma. Hakujua majina aliyatamka vipi, maana herufi zilikuwa zikiogelea. Na alipomaliza, wote walijua zamu ni ya nani, na macho ya Penina yalikimbilia aya ya tano kabla haijasomwa, akaona kilichoandikwa, akatamani ardhi impasukie. Ilikuwa habari ya watu fulani waliojenga ukuta, lakini wakuu wao hawakukubali kuinamisha shingo kufanya kazi.

Wakuu wao. Na aya imemwangukia Seutatia.

Barabarani Sefo alikuwa amesogea mpaka kwenye uzio. Penina alisikia mwenzake akinong'ona, "Ehe, sasa."

Lakini Seutatia hakuitupa. Aliisoma polepole, kwa sauti ambayo Penina hakujua anayo, kama mtu anayempa mwenzake kitu cha moto huku akimwonyesha mahali pa kukishika. Alipofika kwenye shingo za wakuu alisita, akamaliza.

Ropati alikuwa ameinamisha kichwa. Kisha akasema kuelekea uwanjani, kwa nguvu:

"Nimesikia, shemeji."

"Hatukuichagua!" Seutatia alijibu kwa haraka, na sauti yake ya zamani ikarudi nusu. "Ni inayofuata tu!"

"Najua ni inayofuata! Ndiyo maana nimeisikia!"

Mtu alicheka barabarani. Mtu akacheka ng'ambo. Loimata akagonga mkeka kwa kidole: "Malia." Malia akasoma, na Fetu akapokea kutoka gizani kwa mbio kama aliyekuwa amebanwa, na sura ile ndefu ikaanza kuzunguka, nyumba hii na nyumba ile, mzunguko baada ya mzunguko, mduara mmoja uliopitiwa na uwanja katikati. Kila aliyejenga alitajwa na aliyejenga kando yake. Mmoja alijenga kuielekea nyumba yake mwenyewe. Mwingine naye hivyo hivyo.

Sala ya Loimata ilikuwa fupi kuliko zote ambazo Penina amewahi kusikia kwake. "Bwana, umetutajia waliojenga kando kando. Na sisi tuko hapa. Amina."

Mtungi ulipogongwa mara ya tatu, Ropati ndiye aliyeinuka kwanza. Alichukua nyundo chini ya kabati, akavuka uwanja. Penina alimfuata na taa, maana yeye hufuata. Ielemia alikuwa amesimama chini ya tundu la paa lake, Biblia bado iko mkononi, na wale ndugu wawili wakatazamana kama majogoo waliochoka.

"Mvua itanyesha kabla ya asubuhi," Ropati alisema.

"Naiona."

"Misumari yote umeipinda. Hivi Auckland walikuwa wanakulipa kwa kazi gani?"

"Ya kutopiga kelele. Shika bati hilo, mkuu. Inama vizuri, lisikukate shingo."

Fetu alimkimbilia Malia. "Baba huwa anafungua sura yenu kila siku," alisema, bila kujua anatoa siri. "Ikifika zamu yake anaisoma kwa midomo tu. Mama anamwambia, toa sauti basi, na yeye anasema bado."

Penina aligeuka kumtafuta mama mkwe amweleze. Loimata alikuwa bado penye nguzo yake, miwani mkononi, akiifuta kwa pindo la nguo, akaifuta tena.

Lori lilikuja asubuhi. Seutatia ndiye aliyetoka kuzungumza na dereva, na dereva aliposema amepoteza safari, alijibiwa mambo ambayo Penina hatayaandika popote, kisha akapakiwa mashelisheli na magimbi mpaka akaondoka anaimba. Jina la ukoo lilibaki kwa Ropati. Ielemia aliendelea kununa siku za mkutano, na huenda atanuna mpaka uzeeni. Loimata aliona hilo ni jambo la kawaida, watu hununa. Paa lilivuja pembeni, pale walipopiga misumari iliyopinda.

Jumamosi jioni Penina alihesabu vichwa, akarudia kuhesabu, maana hesabu ilikuwa imeongezeka naye hakuzoea. Mikeka ilibidi isogezwe. Loimata akafungua sura ya nne, akasoma aya ya kwanza kwa sauti ya chini ya mtu asiye na mbali pa kuifikisha. Ropati akasoma ya pili. Penina, kwa mazoea, akajiandaa kunyamaza, na bega kubwa likamsukuma kando kidogo ili mwenyewe apate mwanga wa taa.

"Samahani, shemeji," Ielemia alisema. "Hii ni yangu."